Televisheni ya marehemu babu: pima tyubu kabla ya kuchomeka plagi

Msomaji wa Unguja anauliza: "Shikamoo fundi. Babu yetu alifariki mwaka jana, akatuachia televisheni ya rangi ya miaka ya sabini, sanduku la mbao lenye miguu minne. Tangu vije ving'amuzi haijawashwa; imekaa ghorofani Mji Mkongwe imefunikwa kanga. Ndugu zangu wanataka tuichomeke tuone kama inawaka. Kijana wa vyuma chakavu naye anaitaka. Mimi nataka kuitunza, na Mungu akijaalia nikusanye na nyingine za zama zile. Nitajuaje kama bado nzima, na nianzie wapi?"

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msiba. Umefanya vyema kuuliza mapema. Waambie ndugu zako wasiichomeke, hata kwa sekunde tano. Na kijana wa vyuma mjibu kwa upole kwamba haiuzwi. Yeye ataivunja apate shaba ya koili za shingoni na ya kile kitanzi kikubwa cha waya kinachozunguka kioo, kisha mbao na kioo atavitupa.

Sababu ya kutoichomeka ni kapasita. Zile kubwa za kuhifadhi umeme zina utando mwembamba sana wa oksaidi ya alumini ndani yake, na utando huo hudumishwa na umeme wenyewe. Televisheni ikilala miaka mingi, utando unadhoofika. Ukiipa volti 230 kwa mpigo, kapasita inapitisha mkondo ambao haikupaswa kuupitisha, inachemka, pengine inapasuka, na inaweza kuondoka na diodi, tranzista za umeme mkubwa na hata flaibaki, ile transfoma inayotengeneza umeme mkubwa wa tyubu. Televisheni nyingi zilizofika mezani kwangu zikiwa zimeungua ziliungua hivyo, kwa mkono wa mtu aliyetaka kuona tu kama inawaka.

Kwanza ujue una nini mkononi. Zanzibar ilianza kurusha televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ilianza na rangi moja kwa moja. Kenya walikuwa na televisheni tangu 1962 na Uganda tangu 1963, lakini zilikuwa za nyeusi na nyeupe. Uingereza yenyewe ilianza rangi Julai 1967, Ujerumani Magharibi Agosti mwaka huohuo, kwa mfumo wa PAL uliobuniwa na Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken, na PAL ndio uliokuja kwetu. Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994, na kabla ya hapo waliokaa pwani ya Bara wakiwa na antena ndefu walikuwa wakitazama Zanzibar. Kwa hiyo televisheni ya rangi iliyonunuliwa Unguja miaka ya sabini ni ya kizazi cha kwanza kabisa cha rangi katika eneo letu zima. Zilizobaki ni chache, kwa kuwa chumvi ya bahari, panya na wanunuzi wa shaba havijaziacha. Kama mna risiti ya dukani, kitabu cha maelezo au picha ya babu amekaa mbele yake, viweke pamoja nayo.

Sasa tuje kwenye kupima. Katika televisheni ya chogo ya zamani, karibu kila kitu kinatengenezeka isipokuwa tyubu ya picha, yaani kile kioo kikubwa chenye shingo nyuma. Sanduku lina fundi seremala. Kapasita na rezista zinapatikana Kariakoo kwa bei ya kawaida. Tranzista ina mbadala wake, na flaibaki mtu mwenye subira huweza kuisuka upya. Tyubu ikifa imekufa. Viwanda vilivyokuwa vikizifungua, kuziwekea bunduki mpya za elektroni (sehemu za shingoni zinazorusha elektroni kwenye kioo) na kuzinyonya hewa upya vimefungwa. Hata Marekani kiwanda cha mwisho cha kazi hiyo, Hawk-Eye cha Des Moines, kilifunga mwaka 2010, na mitambo yake ikaenda kwenye jumba la makumbusho ya televisheni huko Hilliard, Ohio. Ndiyo maana mimi napima tyubu kwanza, kabla sijanunua hata kapasita moja, na mtu anayetaka kukusanya televisheni hizi nitamsisitizia hilo kuliko jingine lolote.

Kazi ya kufungua usiifanye peke yako. Tafuta fundi mtu mzima aliyefanya kazi za chogo. Fundi wa simu, hata awe hodari vipi, hajazoea umeme huu. Tyubu ya rangi hufanya kazi kwa volti 25,000 hivi, na kioo chake chenyewe ni kapasita: huweza kubaki na chaji muda mrefu baada ya plagi kutolewa. Ichukulie daima kwamba ina chaji, hata kama umeambiwa haijawashwa miaka kumi. Fundi achukue bisibisi ndefu yenye mpini mzuri wa plastiki, aifunge waya, na ncha ya pili ya waya aibane kwenye ule utepe wa waya uliosukwa unaopita juu ya rangi nyeusi ya mgongo wa tyubu. Aifunge hapo, wala si kwenye chuma chochote cha chasisi, maana chaji ikipita kwenye chasisi huua tranzista. Kisha, mkono mmoja ukiwa mfukoni, aingize ncha ya bisibisi chini ya kofia ya mpira iliyoko ubavuni mwa tyubu mpaka iguse kibanio cha chuma. Arudie baada ya dakika kadhaa, kwa sababu kioo huwa kinajirudishia chaji kidogo. Kapasita kubwa ya umeme mkuu nayo itolewe chaji kwa rezista yenye nguvu au kwa balbu, si kwa kuigusisha na chuma.

Halafu kuna uzito wa hewa. Ndani ya tyubu hakuna hewa, nje ipo, na kwenye uso wa kioo cha inchi 26 hewa hiyo inasukuma kwa nguvu ya karibu tani mbili. Sehemu dhaifu ni shingo. Usiibebe tyubu kwa shingo, usiigonge, na usiruhusu watoto chumbani wakati mgongo uko wazi. Vaeni miwani na viatu vilivyofunika vidole.

Mgongo ukishafunguka, chukua tochi uangalie shingo. Kwenye tyubu nyingi za nyeusi na nyeupe, na baadhi ya zile za rangi za mwanzo, utaona ndani ya kioo doa la rangi ya fedha au la kijivu kilichoiva. Hilo limewekwa kiwandani ili limeze mabaki ya hewa. Likiwa bado linang'aa, furahi. Likiwa limegeuka jeupe mfano wa maziwa, hewa imeingia na safari ya tyubu hiyo imekwisha. Tyubu nyingi za rangi za miaka ya sabini zimefichwa doa lao juu ndani ya chogo, nyuma ya ile rangi nyeusi, hivyo usipoliona usikate tamaa. Tazama kama shingo ina ufa, hasa pale inapokutana na soketi, na kama kile kinundu cha kioo kati ya pini hakijavunjika.

Kipimo cha pili ni cha mita. Soketi ya nyuma itolewe kwa kuvutwa wima bila kuyumbishwa, kisha mita iwekwe kwenye pini mbili za filamenti, ule uzi unaopasha joto bunduki. Zikisomeka omu chache, filamenti ni nzima. Isiposoma kitu, imekatika. Baada ya hapo ukiipa filamenti volti zake kutoka kwenye transfoma ndogo, na nyingi hutaka volti 6.3, utaona rangi ya chungwa ikiwaka shingoni, katika sehemu tatu kama ni tyubu ya rangi. Baadaye, umeme mkubwa ukishaingia, ukiona mwanga wa zambarau ndani ya shingo, hiyo ni gesi, na hapo hakuna tena la kufanya.

Kipimo cha tatu ndicho kinachosema tyubu ina umri gani hasa, nacho kinataka chombo maalumu. B&K wa Marekani walitengeneza chombo kinachoitwa 467 ambacho bado huuzwa kikiwa kimetumika, na karakana za zamani huwa na vya aina hiyo. Kinapima ni mkondo kiasi gani unaotoka kwenye kila bunduki: nyekundu, kijani na buluu. Unachokitaka ni zote tatu ziwe na nguvu na zikaribiane. Moja ikiwa nyonge, picha itaegemea rangi za wenzake. Vyombo hivi pia vina swichi ya kufufua kathodi, sehemu ya bunduki inayotoa elektroni, kwa kuipiga mkondo mkubwa, na mafundi wengi huikimbilia. Mimi siipendi. Hukwangua uso wa kathodi, picha inarudi kwa wiki au miezi, kisha inaanguka kuliko ilivyokuwa, na mara nyingine tyubu hufa palepale. Iache iwe jaribio la mwisho kwa tyubu ambayo tayari mmekubaliana kuipoteza.

Tyubu ikipita, sasa safisheni. Kwa hapa pwani kazi hii ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Vumbi la Mji Mkongwe lina chumvi, na chumvi ikipata unyevu hupitisha umeme. Mahali pa kutazama kwanza ni kuzunguka ile kofia ya mpira na juu ya flaibaki. Inueni ukingo wa kofia: mara nyingi chini yake kuna duara la uchafu mweusi unaonata, na ndani yake mistari myembamba iliyochorwa na cheche. Televisheni ikiwa hivyo utaisikia ikiwashwa: inazomea, inanukia ile harufu kali ya hewa baada ya radi, na gizani unaona buluu ikitambaa juu ya kioo. Futeni kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, kioo na mpira vyote, viachwe vikauke kabisa. Tafuteni mijusi, hupenda joto la flaibaki na hufia hapo. Nyaya zenye ganda la mpira zikikunjwa zikamomonyoka, badilisheni, hasa waya wa plagi.

Kapasita za umeme mkuu na zile ndogo zenye maji ndani zilizovimba au zilizovuja zibadilishwe kabla ya kuwasha. Lakini ipo moja, au kikundi kidogo, iliyo karibu na tranzista ya flaibaki, ya volti 1,500 hadi 2,000, ambayo haibadilishwi kwa kubahatisha. Iwe ya aina ileile, thamani ileile, na volti zisizopungua. Hiyo ndiyo inayozuia umeme wa tyubu usipande. Ikikatika, volti 25,000 huweza kuwa nyingi zaidi kwa mbali, tranzista inakufa, na tyubu hutoa mionzi ya eksirei kuliko inavyopaswa. Na kama televisheni ya babu ni ya mwanzo wa miaka hiyo na ina valvu, yaani taa za kioo zilizotumika kabla ya tranzista, mtakuta huenda kuna kisanduku cha bati kilichofunika valvu iitwayo PD500. Msikiondoe kisanduku hicho na kuiwasha. Kimewekwa kwa ajili ya eksirei.

Kuna hatari nyingine ambayo vijana wanaozoea vifaa vya leo hawaijui. Televisheni nyingi za Ulaya na Japani za miaka ile hazina transfoma ya kutenganisha umeme wa ukutani na chasisi. Upande mmoja wa waya wa umeme umeungwa moja kwa moja na chuma cha ndani. Plagi ikigeuzwa, chuma chote kinakuwa na volti 230. Ndiyo maana kila fundi makini ana transfoma ya kutenganisha mezani, na ndiyo maana vyuma vya kuzungushia sauti vilivyong'oka vifuniko vyake vya plastiki ni hatari. Msikubali mtu "mjuzi" aunge nyaya za king'amuzi au deki ndani ya televisheni ya namna hiyo. Mlango wa antena peke yake ndio uliokingwa.

Siku ya kuwasha, tumieni balbu. Balbu ya nyuzi, au ya halojeni kwa sababu za nyuzi zimekuwa adimu, iungwe katikati ya waya mmoja wa umeme unaokwenda kwenye televisheni. Kwa ndogo ya nyeusi na nyeupe wati 60 hadi 100 zinatosha. Kwa kubwa ya rangi wekeni wati 150 hadi 200. Kile kitanzi kikubwa cha waya kinachozunguka kioo kichomolewe kwanza, kwa sababu huvuta umeme mwingi sekunde za mwanzo na kitawadanganya. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti, zimeni. Ikiwaka kisha ikafifia, mambo yanaendelea vizuri. Televisheni zenye valvu au transfoma kubwa huweza pia kupandishwa volti polepole kwa transfoma ya kurekebisha, na kapasita zitajijenga upya taratibu. Lakini msifanye hivyo kwa zile ambazo umeme wake hukatwakatwa kwa kasi na tranzista (switch-mode): zikipewa volti chache huvuta mkondo mwingi zaidi kufidia, na tranzista inaungua.

Picha ikija, isomeni. Tyubu nzuri hutoa picha kamili mapema. Iliyochoka huanza na giza, dakika zinapita, weupe unaonekana umefifia na kutawanyika, na ukiongeza mwanga nyuso za watu zinageuka za kifedha badala ya kung'aa. Nyekundu ikiwa dhaifu, weupe huwa na kijani chenye buluu. Buluu ikiwa dhaifu, kila kitu kinakuwa cha njano. Mabaka ya rangi kwenye kona mara nyingi si ugonjwa wa tyubu bali ni sumaku, labda ya spika iliyowekwa karibu. Rudisheni kile kitanzi mahali pake, maana ndicho kinachoondoa sumaku hiyo. Tyubu za rangi za mwanzo zina bunduki tatu zilizopangwa pembetatu, na kuzilenganisha ni kazi ya virekebishi vingi. Wekeni picha ya mistari myeupe iliyopishana kwenye fleshi, ichezwe na king'amuzi, na mtaona kila mstari ukijigawa katika rangi tatu pale ambapo ulinganifu haupo. Picha ya duara nayo ni nzuri, kwani jicho hugundua haraka duara lililobonyea.

Mnapata wapi mawimbi ya kuipa? Hewani hakuna tena. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia usiku wa mwisho wa Desemba 2012, miji mingine ikafuata, na Kenya wakazima 2015. Njia rahisi ni king'amuzi chenye tundu la kutoa antena, au deki ya kanda ya zamani: king'amuzi kinaingia kwenye deki kwa nyaya za picha na sauti, deki inatoa kwa waya wa antena, na televisheni mnaitafutisha chaneli. Angalieni tu kama televisheni yenu inapokea bendi za juu, yaani UHF. Nyingine za zama zile zina VHF peke yake, na deki nyingi hutoa UHF. Na mkipata picha safi lakini sauti ni kelele tupu, msikimbilie kufungua. Televisheni za soko la Uingereza zinatafuta sauti megahezi 6 kutoka kwenye picha, ilhali za nchi nyingi za Ulaya Bara na za Kenya zinaitafuta 5.5. Deki nyingine zina swichi ya kuchagua.

Kuhusu kukusanya, ningekushauri nyingine yako ya kwanza iwe ndogo: nyeusi na nyeupe, inchi 12 au 14, inayokubali umeme wa ukutani na betri ya gari ya volti 12. Ndizo zilizoingiza televisheni vijijini kabla ya nguzo za umeme, na huko Kenya, televisheni za Great Wall za Uchina ziliwafikia watu wengi sana kwa njia hiyo. Kwa kawaida zina transfoma inayotenganisha, umeme wa tyubu ni nusu ya ule wa rangi au pungufu, na mtu mmoja anaibeba. Utajifunzia hapo bila kuogopa. Zitafute vyumba vya nyuma vya mafundi, Kariakoo, Darajani, na Nairobi mtaa wa Luthuli, ambako bado zimerundikwa zikisubiri vipuri. Ukikuta mbili za aina moja, chukua zote, hata ikiwa moja imevunjika sanduku. Tyubu yake huenda ikaja kuokoa ya kwanza.

Zipo zinazotafutwa na wakusanyaji duniani kote, na ni vizuri uzijue kwa sura: Sony TV8-301 ya 1960, ndogo ya inchi 8 inayotumia tranzista tupu, Brionvega Algol ya Italia ya 1964, ambayo kioo chake kinatazama juu, Trinitron ya kwanza, KV-1310 ya 1968, na JVC Videosphere ya 1970, ya duara, iliyofanana na kofia ya mwanaanga. Usianze na za kuagiza mbali. Za Uingereza za mistari 405, mfumo ulioanza Alexandra Palace, London, mwaka 1936 na kuzimwa 1985, haziwezi kupokea chochote bila kibadilishi maalumu. Za Marekani zinataka volti 110 na mfumo wa rangi wa NTSC. King'amuzi chetu cha PAL hakitazipa rangi.

Sasa hivi fanya haya yasiyohitaji kufungua kitu. Ishusheni ghorofani watu wawili, kioo kikielekea kifua cha mbebaji, maana uzito wote uko mbele. Iwekeni mbali na dirisha la upande wa bahari, na kanga iendelee kuifunika. Nyuma ya sanduku kuna karatasi au kibati cha namba ya modeli, kipige picha. Fundi atakapofungua mgongo, apige picha pia ya karatasi iliyobandikwa kwenye tyubu. Kama namba inaanza na A56 au A66 ni tyubu ya rangi ya Ulaya ya inchi 22 au 26: A66-120X ina bunduki za pembetatu na itataka siku nzima ya kulenganisha, na A66-500X ina bunduki za mstari mmoja na haitakusumbua sana. Nitumie namba hizo zote mbili, nikuelekeze mchoro wa saketi wa kutafuta na kapasita za kununua kwanza.